Mtoto akikwambia "nimeanguka", usiandike haraka

Nina miaka 11 emejensi, hospitali ya mkoa, na zamu nyingi nimezifanya usiku. Kuna kitu nilichelewa sana kukijua na kinaniuma mpaka leo, ndo maana nakiandika hapa kwa manesi wenzangu na kwa wazazi wenye watoto bweni. Watoto wengi wanaoletwa kutoka shule hawasemi ukweli wa walivyoumia, na wengine hawasemi kwa sababu aliyewaumiza ndo huyo huyo kawaleta.

Fikiria mwenyewe inavyokuwa. Saa tano usiku matroni au patroni hawezi kuacha bweni zima, basi anaita viranja wawili, wanamweka mgonjwa kwenye bajaji wanakuja. Kiranja kavaa vizuri, shikamoo sista, daftari la mgonjwa kashika yeye, maelezo yamenyooka, "aliteleza bafuni", na wewe una foleni ya watu 30 na mwingine anahema vibaya kule resasi, chumba cha wagonjwa mahututi wa emejensi, unaandika ameteleza bafuni. Mtoto mwenyewe hajafungua mdomo. Mimi nimeandika hivyo sijui mara ngapi.

Aliyenifungua macho ni dogo mmoja wa fomu wani mwenye selimundu, sikoseli kama wengi tunavyoita. Ndani ya muhula mmoja aliletwa mara tatu. Maumivu ya miguu na mgongo, macho ya njano, analia mpaka sauti inakauka. Mara mbili za kwanza tukampa maji ya mishipa, dawa ya maumivu, oksijeni, akatulia, tukamrudisha shule, kwenye faili tukaandika krisisi, yani shambulio la maumivu la sikoseli. Na ilikuwa krisisi kweli, hatukukosea hapo. Tulichokosea hatukujiuliza kwa nini mtoto ambaye nyumbani alikuwa anakaa hata mwaka bila kulazwa sasa anakuja kila baada ya wiki tatu.

Mara ya tatu kifua kilikuwa kinamuuma, daktari akaomba eksirei, nikamsukuma mwenyewe kwenye kiti, kiranja nikamwacha dirishani anashughulikia kadi. Tuko kwenye korido akaniuliza, "Sista, naweza kulala hapa mpaka Jumamosi?" Nikamwambia kwa nini mwanangu. "Jumamosi kaka zetu wanasafiri na timu." Basi nikasimamisha kiti palepale nikachuchumaa, ikatoka yote. Yeye ni njuka, yani mwanafunzi mgeni, anaamshwa saa kumi alfajiri kuteka maji ya fomu foo, blanketi lake walichukua wiki ya kwanza, akichoka wanammwagia maji ya baridi, na kwa sababu ya macho yake wanamwita mwanga, yani mchawi. Baridi, kiu, kazi nzito. Yani chochote tunachomwambia mgonjwa wa sikoseli akiepuke, huyu mtoto alikuwa anafanyishwa kila siku.

Kwa hiyo siku hizi kabla sijauliza chochote namtenganisha kwanza mtoto na waliomleta, na siwaambii kwamba nawatenganisha, maana ukisema "naomba mtoke nje tuongee" umeshamweka mtoto matatani, usiku atahojiwa bwenini alikuwa anasema nini. Natumia kazi zetu za kawaida. Twende tukapime uzito, twende ukatoe mkojo, twende eksirei. Dakika tano za korido zinatosha.

Na siulizi "nani kakupiga". Jibu lake ni "hakuna" siku zote. Naanza mbali, umekula nini leo, unakula na nani, kitanda chako kiko wapi, ukiumwa usiku unamwamsha nani. Mtoto anayeonewa mara nyingi hana wa kumwamsha, na akilisema hilo unaliona usoni. Halafu ndo namuuliza, tukimaliza hapa unataka kurudi leo? Akiangalia chini, hapo nakaa, simharakishi hata kama foleni inanipigia kelele.

Mwilini nako kuna mambo ya kuangalia. Mtoto anayeanguka kweli mara nyingi anaumia magoti, viwiko, viganja, paji la uso. Michubuko ya masikio, shingo, ndani ya mapaja au mgongoni ni nadra kuja kwa kuteleza bafuni. Alama za fimbo nazo tumezizoea mno, tunaona tu "kachapwa shule" tunapita, wakati kanuni za viboko za Tanzania zinamruhusu mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na mwisho ni viboko vinne. Kiranja hayumo kabisa humo. Muulize mtoto kachapwa na nani.

Halafu wapo wale ambao hawana jeraha lolote. Mwenye pumu ambaye inhela "imepotea" mara ya pili. Mwenye kisukari anayeshuka sukari kwa sababu chakula chake kinachukuliwa. Tumbo linalouma kila Jumapili jioni siku ya kurudi shule na vipimo vyote viko safi. Tulishawahi kuletewa binti anaanguka darasani, shule nzima inasema mapepo, kafanyiwa maombi siku mbili, kumbe wenzake walisambaza picha yake kwenye grupu la WhatsApp na kila akiingia darasani wanacheka, anapumua haraka haraka mpaka vidole vinakakamaa na anadondoka. Hakuwa anaigiza jamani, naomba tuache kusema "anajifanya" mbele ya mtoto. Na aliyeletwa kwa sababu amekunywa kitu cha kujidhuru, huyo usimruhusu aondoke bila mtu kukaa naye akamuuliza kuhusu wenzake, na bila kuonana na mtu wa afya ya akili.

UNESCO mwaka 2019 walitoa ripoti kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja. Ukiwa zamuni na wanafunzi sita benchini hiyo hesabu inakuhusu.

Kuna kosa nililifanya, na wewe usilirudie. Binti mmoja aliniambia kila kitu, nikapata hasira, nikapiga simu shule palepale, halafu asubuhi nikamruhusu arudi na walewale waliomleta. Baada ya siku nane alirudi mkono umevunjika. Na hakuongea na mimi tena. Tangu hapo simuahidi mtoto siri ambayo siwezi kuitunza, namwambia wazi kwamba hili itabidi nimwambie mtu mmoja atakayekusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijamwambia. Huyo mtu ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mzazi apigiwe moja kwa moja, asipate habari kupitia shule. Maneno ya mtoto yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema yeye, pamoja na mahali ilipo kila alama na ukubwa wake, kwa sababu miezi miwili baadaye hiyo karatasi ndo itaongea. Kama kuna kesi ya kupigwa, PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, itafuatwa polisi na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ila mtoto mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lile, sio nesi peke yake. Namba 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, mtoto anaweza kupiga mwenyewe, nami huwa namwandikia kwa peni nyuma ya kadi yake ya kliniki.

Mzazi, ukipigiwa simu ya hivi usianze na "na wewe si ungejitetea". Nimeona watoto wakifunga mdomo kwa sentensi hiyo moja.

Usiku ustawi hayupo, najua, na daktari atakwambia huyu kapona aende. Mwombe amlaze mpaka asubuhi, mweleze sababu, wengi wanaelewa. Yule dogo wa sikoseli alilala kwetu mpaka Jumatatu, mama yake akaja na basi la usiku, akafika na blanketi jipya mkononi.