Wasomaji wanauliza: pembetatu ya Lois Weber

SWALI: Ndugu mhariri, katika filamu bubu ya Lois Weber ya mwaka 1913 iitwayo Suspense, skrini inagawanyika kwa umbo la pembetatu. Mume yupo katikati na simu ofisini, mke yuko pembeni nyumbani, na pembe nyingine kuna mzururaji anayenyemelea. Kompyuta hazikuwapo. Walifanyaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Siku hizo ujanja wa namna hii ulifanyika ndani ya kamera yenyewe. Mpigapicha aliweka bamba jeusi lililoachwa wazi sehemu moja tu, akapiga tukio la kwanza. Palipozibwa mkanda haukupata mwanga, ukabaki kama mpya. Kisha alifunika lenzi, akaurudisha mkanda mpaka alama ya kuanzia, akabadilisha bamba na kupiga tukio la pili. Halafu la tatu.

Kasheshe ilikuwa kwenye kuhesabu. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa kawaida mizunguko miwili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipitisha fremu 8, yaani picha moja moja nane za mkanda. Tukio la sekunde 10 ni mizunguko 20, fremu 160, futi 10 za mkanda. Ukikosea mzunguko mmoja, mume anashtuka nusu sekunde kabla mkewe hajafungua mdomo. Mabamba yakipandana, unabaki mstari mweusi. Yakiachana, ukanda mwembamba unapigwa mwanga mara mbili na kung'aa vibaya. Bamba likikaa mbele ya lenzi kingo zinafifia, likikaa karibu na mkanda zinakuwa kali. Na kwa kuwa yote yamo kwenye negativu ileile, yaani mkanda uleule uliopigwa ndani ya kamera, kosa la mara ya tatu linaharibu na zile mbili zilizokwisha kupigwa vizuri.

SWALI: Huyo Weber ni nani hasa, na nianze na filamu ipi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni Mmarekani aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1879. Suspense aliiandika mwenyewe, akaiongoza pamoja na mumewe Phillips Smalley, na yule mke kwenye simu ndiye yeye. Mwaka 1917 alifungua studio yake Los Angeles. Mwaka 1920 akasaini mkataba wa dola 50,000 kwa kila filamu. Soko lilimgeuka muda si mrefu. Filamu yake ya mwisho, White Heat, ni ya 1934, naye akafariki 1939.

Anza na Shoes ya 1916, ambamo binti wa dukani anakata kadibodi kuziba soli zilizotoboka. Halafu The Blot ya 1921: mke wa profesa anamkodolea macho kuku wa jirani, na umaskini unamsukuma aibe. Sisi tunaona hakuwahi kuandika kitu kikali kuliko hicho.

Watu wakikimbiakimbia kama siafu, nakala yako inachezwa fremu 24 kwa sekunde. Kwenye programu unayochezea filamu, shusha kasi hadi 0.75, utapata 18, na mwendo utatulia.