Maswali na Majibu: Mnalipia jumba, kisha mnakimbilia London

Tangu nigusie majumba ya mashambani ya Uingereza yaliyogeuzwa hoteli, barua za wanaotaka kwenda fungate, kuchumbia au kusherehekea miaka ya ndoa hazikatiki. Waliouliza "bei gani?" bila kutaja mwezi wala siku ya juma sikuwajibu, na sitawajibu. Jumamosi ya Juni na Jumanne ya Februari katika chumba kilekile ni bei mbili zisizojuana.

Dada, mimi na mke wangu tuna siku nne Uingereza. Tumepanga usiku mmoja kwenye jumba: tutafika saa tatu usiku tukitoka kuzunguka London, asubuhi na mapema tuelekee Oxford na Stonehenge. Jumba gani linatufaa? (Msomaji, Mikocheni)

Halipo. Kwa ratiba hiyo tafuteni hoteli ya kawaida karibu na stesheni, pesa itakayobaki mnunulie viatu.

Kila wiki napata barua ya namna hii. Chumba hukabidhiwa kama saa tisa alasiri na hutakiwa saa tano asubuhi. Ukifika saa tatu usiku, jikoni wako mbioni kufunga oda, bustani iko gizani, na kilichobaki ni kitanda. Vitanda viko hata Manzese. Unachouziwa kwenye majumba haya ni saa za kukaa tu: moto wa kuni sebuleni, gazeti, chai, matembezi ya bustanini, kisha chakula cha jioni kinacholiwa taratibu bila mtu kukutazama saa.

Chukueni Gravetye Manor, Sussex Magharibi. Nyumba ilijengwa 1598, na mwaka 1884 ikanunuliwa na William Robinson, mtunza bustani aliyewagombeza Waingereza wa zama zake kwa kupanda maua kwa mistari kama gwaride. Alitaka mimea iachwe ijimwage. Bustani yake bado ipo, na bustani ya mboga yenye ukuta wa duara dufu bado inalisha jikoni. Hiyo huwezi kuiona ukiwa na teksi inayokusubiri mlangoni. Au Hambleton Hall, Rutland, penye maji pande tatu: asubuhi nzima inaisha kwenye kiti cha dirishani, na wala hujapoteza kitu.

Laleni usiku wa kwanza na wa pili hapohapo, katikati ya wiki, na London muipe siku zake. Mkienda Juni mwanga unabaki hadi baada ya saa tatu usiku. Desemba giza huingia saa kumi jioni, basi fikeni mapema zaidi.

Nivae nini? (Wengi)

Tumeshasema. Mchana vaa upendavyo. Jioni shati safi, koti kama unalo, gauni la kawaida la heshima. Kanzu na koti ni vazi rasmi, usiulize ruhusa. Viatu vya matope usibebe kutoka Dar, nyumba nyingi zina safu ya gambuti mlangoni za kuazima.

Nataka kumchumbia mpenzi wangu. Hoteli inaniuzia "kifurushi cha mapenzi": maua ya waridi kitandani, chupa ya mvinyo wa mapovu, chokoleti na mishumaa. Nikichukue? (Kijana wa Leicester)

Usikichukue, mdogo wangu. Piga hesabu: bei ya kifurushi, toa bei ya chupa hiyohiyo dukani, toa boksi la chokoleti. Kinachobaki ndicho unacholipia petali ambazo mhudumu atazifagia kesho yake huku akikulaani moyoni. Mimi sijaona ndoa iliyosimama kwa petali.

Pesa hiyo iweke kwenye chumba kizuri zaidi. Piga simu, usiandike barua pepe, uulize chumba kipi kinatazama bustani na kipi kinatazama maegesho ya magari, maana majumba haya hayakujengwa yawe hoteli, na vyumba viwili vya bei moja vinaweza kutofautiana kama bwana na mtumishi wake. Vya darini vilikuwa vya watumishi kwelikweli. Uliza pia kama chumba kiko kwenye jumba lenyewe au kwenye zizi la farasi lililokarabatiwa huko nyuma. Samadari ya nguzo nne nayo inapendeza kwenye picha, ila iliyo ya kale huenda ni fupi. Kama una futi sita, uliza urefu.

Na tafadhali usimchumbie katikati ya ukumbi wa chakula, watu wote wakiwa wameshika uma. Akitaka kukataa atakataliaje?

Mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi. Tumependa Thornbury Castle kwa sababu mfalme Henry VIII alikaa pale na mkewe Anne Boleyn. Tunatafuta mahali penye historia ya mapenzi. (Bi. S., Mombasa)

Historia ipo, mapenzi ndiyo yana walakini. Ngome hiyo ya Gloucestershire ilijengwa na Edward Stafford, Duke wa Buckingham. Henry alimkata kichwa mwaka 1521 na ngome akaitwaa. Mwaka 1535 akaja na Anne, na Mei 1536 Anne naye kichwa kikaenda. Nendeni, mahali ni pazuri, lakini shemeji asitafute mfano wa kuiga pale.

Matangazo ya hoteli yana kumbukumbu ya kuchagua. Cliveden, juu ya mto Thames, husifiwa kwa kuwa Meghan Markle alilala pale usiku wa kuamkia harusi yake, Mei 2018. Haitajwi kwa furaha hiyohiyo kwamba ni kwenye bwawa la kuogelea la Cliveden, mwaka 1961, waziri wa vita John Profumo alipokutana na Christine Keeler, mwanamitindo aliyekuja kuwa hawara wake, kisa kilichomng'oa serikalini 1963. Tena mjue: bustani za Cliveden ni za National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na bustani za kihistoria, na mchana huingia kila aliyekata tiketi na watoto wake. Anayetaka faragha atembee asubuhi na mapema.

Je, ni kweli majumba haya yalijengwa kwa pesa ya utumwa? Mchumba wangu anasema hawezi kulala humo. (Msomaji, Coventry)

Baadhi, ndiyo. Mchumba wako ana swali zuri kuliko wote walioandika mwezi huu. Septemba 2020 National Trust ilitoa ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, na kuna Waingereza walioikasirikia ripoti kuliko utumwa wenyewe. Harewood House, Yorkshire, ambayo si hoteli, ilisimamishwa na ukoo wa Lascelles kwa utajiri wa sukari na biashara ya Karibi. Bunge lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, lilitenga fidia ya pauni milioni 20. Walipewa wenye watumwa. Watumwa hawakupata hata senti.

Lakini kila jumba lina pesa yake. Gravetye ilijengwa na tajiri wa chuma. Hambleton, ya 1881, ni pesa ya bia, na mwenyewe aliijenga ili awe karibu na uwindaji wa mbweha. Cliveden ilinunuliwa 1893 na William Waldorf Astor, Mmarekani ambaye ukoo wake ulitajirika kwa ngozi za wanyama kisha kodi za nyumba za New York. Kijitabu cha hoteli kikisema tu "mfanyabiashara tajiri", uliza tajiri wa nini. Swali hilo haliharibu fungate.

Na sisi wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Karafuu za Unguja na Pemba zililimwa na watumwa, utumwa ukapigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897 tu, na leo tunapiga picha za harusi kwenye majumba ya Mji Mkongwe yaliyogeuzwa hoteli bila kuuliza yalijengwa na nani.

Tunaweza kufunga ndoa hukohuko kwa viza ya utalii? (Arusha)

Hapana. Mnahitaji viza ya mgeni anayekuja kuoa au kuolewa, na mkishafika mkae siku saba kamili kabla ya kutoa notisi, kisha notisi yenyewe ni siku 28. Hoteli iwe na kibali cha kufungisha ndoa ya kiserikali, na katika ndoa hiyo dua na maandiko hayaruhusiwi. Kwa Waislamu: nikaha peke yake kwenye bustani ya hoteli haitambuliwi na sheria ya Uingereza. Nimeona wanawake wakiligundua hilo siku ya kuachana, basi dada zangu, sisitizeni cheti.

Na msilipe chumba kisichorudishiwa pesa kabla ya viza kutoka. Walio Muscat wenye pasipoti ya Oman wanatumia ETA, kibali cha safari kinachoombwa mtandaoni. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaomba viza, hata kama ameishi Ghuba miaka ishirini.

Chakula halali kipo?

Waambie unapoweka nafasi, si mezani. Usiulize tu kuhusu nguruwe: uliza mvinyo kwenye mchuzi na jelatini kwenye vitamu. Kuanzia Agosti hadi majira ya baridi menyu hujaa ndege waliopigwa risasi porini, sijui mashehe wako watasema nini. Samaki ndiyo njia salama.

Tuje na mtoto wa miaka miwili?

Fungate na mtoto wa miaka miwili? Nyumba nyingi haziruhusu watoto wadogo ukumbini jioni. Mwacheni kwa bibi.

Bakshishi kiasi gani?

Tazama bili kwanza. Mara nyingi wameshaongeza asilimia 12.5 au zaidi, na ni hiari, unaweza kuomba itolewe. Tangu Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi yote, kwa hiyo ukihudumiwa vizuri iache, usilipe mara mbili.

Tukifika stesheni Jumapili tutapata Uber?

Kijijini? Wekeni teksi siku mbili kabla kupitia hoteli, na mwangalie kama treni yenyewe ipo, maana Jumapili ndiyo siku yao ya kutengeneza reli.