Kozi za bure: kuanza ni rahisi, kumaliza ndiyo kazi

Umeuliza kwa nini watu hujiandikisha kwa wingi kwenye kozi za bure za mtandaoni kisha hawazimalizi. Si uvivu, ndugu. Mwaka 2011 kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilivuta watu wapatao 160,000; waliomaliza walikuwa 20,000 na ushei. Mlango uko wazi, lakini ndani hakuna mwalimu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Bando nalo huisha, na masomo mengi ni ya Kiingereza. Mimi ningekushauri uchague kozi moja tu, umtafute mwenzako msome pamoja. Na uliza mapema kuhusu cheti: mara nyingi siku hizi kusoma ni bure, cheti kinalipiwa.