Maharage yameota vizuri halafu yanakauka, tatizo nini?

SWALI: Bwana shamba shikamoo. Nipo Mbozi, mwezi wa kumi na mbili nilipanda mahindi heka moja tukapiga dawa ya magugu yenye atrazini, mahindi nikauza mabichi mwezi wa tatu nikalima nikapanda maharage. Yameota yote vizuri ila baada ya wiki mbili hivi majani yanakuwa njano yanakauka, na sio shamba zima, ni mistari mistari, kule mwisho wa shamba ndo pamekufa kabisa. Jirani anasema nipige dawa ya ukungu, mwingine anasema Urea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada, pole sana, hela ya mbegu inauma. Hiyo ya Urea na dawa ya ukungu naomba uishike kwanza. Ukungu unakuja kwa mabaka, haufuati mistari. Nenda kasimame pale mwisho wa shamba, ndo pale mpiga dawa anapogeuka, mwendo unapungua huku bomba bado linatoa, na hiyo mistari ni pale alipopita juu ya alipokwisha pita, kwa hiyo udongo wa hapo ulikunywa dozi mbili.

Yameota vizuri kwa sababu atrazini haizuii mbegu kuota, inazuia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mche ukiwa mdogo unakula akiba ya kwenye mbegu, akiba ikiisha ndo unaanza kufa. Chukua mche mmoja uangalie majani ya chini, njano inaanzia ukingoni inaingia ndani, halafu ukingo unakuwa kahawia kama umeunguzwa, wakati machanga ya juu bado kijani. Mahindi yanaivunja hiyo dawa ndani kwa ndani, mtama na miwa vilevile, ila maharage, nyanya, vitunguu na kabichi haviwezi.

Kwa kawaida nusu ya atrazini inaisha ardhini kwa kama siku 60, na wanaoimaliza zaidi ni vijidudu vya udongoni ambavyo vinataka unyevu na joto, mvua ikikata au ukiwa ukanda wa baridi inakaa zaidi. Sasa piga hesabu, penye dozi mbili siku 60 zikipita bado kuna dozi nzima!

Palipokufa usirudishie maharage msimu huu, yatakufa tena. Palipo kijani endelea kupalilia. Na kabla hujapanda tena maharage humo, chukua udongo wa juu sehemu kadhaa, hasa kwenye hiyo mistari, jaza makopo mawili yaliyotobolewa chini, mengine mawili jaza udongo ambao haujawahi kupigwa dawa, panda maharage kote, weka juani (kivulini utadanganyika) umwagilie wiki tatu. Yakilingana panda, ya shambani yakianza njano ukingoni, weka mahindi.

SWALI: Nimepiga glaifoseti kuua nyasi, na mimi nisubiri miezi ndo nipande maharage?

JIBU: Hapana kaka, hiyo ni tofauti kabisa, ikigusa udongo inashikwa na chembe za udongo mizizi haiipati kirahisi. Fuata siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa, nyasi zikishakauka panda. Ila soma vizuri hicho kibandiko, kuna chupa zinauzwa zimechanganywa na dawa nyingine inayokaa ardhini, hapo masharti yanabadilika.