Mvuke: rejeta au hita za skating?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Ninajenga nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Njombe. Fundi amependekeza boila ya kuni itakayopeleka mvuke wa kupasha joto vyumbani kwa bomba moja. Katalogi ina rejeta nzito za chuma cha kusubu, na hita ndefu nyembamba zinazofungwa chini ya ukuta, pale inapokaa skating. Hizi za pili ni nafuu na hazili nafasi. Nichukue zipi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Kwa bomba moja, ndugu yetu, chukua rejeta. Bomba hilohilo linalopandisha mvuke ndilo linalorudisha maji mvuke ukishapoa. Rejeta ina tumbo pana, kwa hiyo mvuke unapita juu na maji yanashuka chini bila kugombana. Hita ya skating ni bomba jembamba la shaba lenye mapezi ya alumini. Humo maji na mvuke vinakutana uso kwa uso, mvuke unayasukuma maji kwa kasi hadi yanagonga kona, na wageni wako hawalali. Shaba nayo inatanuka: kipande cha mita 5 kikitoka nyuzi 15 hadi karibu 100 kinarefuka milimita 7 hivi, na kisipoachiwa nafasi kinalia na kulegeza viungio. Hita hizo ni nzuri kwa maji ya moto. Ukizitaka kwa mvuke, weka bomba la pili la kurudishia maji na mtego wa mvuke (kifaa kinachopitisha maji na kuzuia mvuke) mwishoni mwa kila hita. Hapo unafuu wa bei umeshakwisha.

Kuna faida nyingine kwa anayetumia kuni. Moto ukififia usiku, chuma cha kusubu kinaendelea kutoa joto kwa muda mrefu, ilhali shaba inapoa mara moja. Usichanganye aina hizo mbili kwenye njia moja.

Sasa ukubwa. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta mbili za nje za tofali, dirisha moja na silingi, nje nyuzi 5 na ndani 18, kinahitaji takriban kilowati 1.5. Bila silingi, paa la bati peke yake linaweza kuzidisha mara mbili joto linalopotea juu, kwa hiyo piga silingi kabla ya kununua rejeta. Ongeza asilimia 10 kwa sababu ya mwinuko: Njombe maji huchemka karibu nyuzi 93, na mvuke wa shinikizo dogo unakuwa baridi kidogo kuliko ule uliotumika kuandika katalogi. Soma pia kama kipimo cha katalogi ni cha mvuke au cha maji. Rejeta nyingi za bati jembamba zilizopo sokoni ni za maji ya moto. Usizifunge kwenye mvuke.

Rejeta ya ukubwa huo ipewe valvu na bomba la inchi moja na robo. Bomba kuu literemke kuelekea boila milimita 8 kila mita, na boila ikae chini: usawa wa maji yake uwe angalau sentimita 70 chini ya bomba la mvuke lililo chini kuliko yote. Kiwanja chenye mteremko kitakusaidia sana hapa.

Tafadhali usifanye mzaha na boila. Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi. Lazima iwe na valvu ya usalama inayofunguka kwa shinikizo la psi 15 (pauni 15 kwa inchi ya mraba), kioo cha kuonyesha maji, na mlango wa hewa unaojifunga maji yakipungua. Ikiwa maji yameisha na chuma kimewiva, usiongeze maji. Funga hewa, subiri ipoe kabisa.

SWALI: Rejeta ya mvuke katika nyumba tuliyopanga inagonga kila moto unapowashwa. Tatizo ni nini?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kwanza tazama valvu. Kwenye mfumo wa bomba moja inafunguliwa yote au inafungwa yote. Ikiachwa nusu, maji yananaswa ndani. Kisha weka pima maji juu ya rejeta. Ni lazima ielemee upande wa valvu. Kama sivyo, inua miguu ya upande wa pili kwa washa za chuma hadi kiputo cha pima maji kisogee upande huo. Ikiacha kugonga lakini nusu yake ikabaki baridi, badilisha kitoa hewa, ile valvu ndogo ya kutolea hewa kwenye rejeta.