Kwa Nini Watu Wangu wa Karibu Wananificha Mambo?

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 42, nina mume na binti mmoja wa miaka 17. Hivi karibuni niligundua kuwa mume wangu alimkopesha kaka yake fedha tulizokuwa tukiziweka pamoja, tena bila kunishirikisha. Sikuzungumza naye wiki nzima, kama ninavyofanya kila ninapokosewa. Kabla hasira haijatulia, nikasikia kuwa binti yangu amefeli mtihani na kwamba mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mdogo wangu, ambaye nilimlea mwenyewe baada ya mama yetu kufariki. Kisha rafiki yangu wa tangu ujana akalazwa hospitalini na kuruhusiwa bila mimi kujua. Nilipomlalamikia mwenzangu kazini, alinijibu kuwa watu wa karibu ni kioo cha tabia zetu, kwa hiyo nijitazame. Jibu hilo limeninyima usingizi, kwa sababu mimi sijawahi kumficha mtu jambo. Nikiwa na neno nalisema, na nikiambiwa jambo situlii hadi nilifikishe mwisho. Je, nimezungukwa na wasiri, au mimi ndiye mwenye kasoro nisiyoiona?*

*Nisiyeambiwa*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na ninalotaka ulijue kwanza ni kwamba sioni ndani yake mtu mwongo. Mwenzako kazini alisema neno lenye ukweli, ila alilisema kwa ufupi mno, nawe umelipokea kama watu wengi wanavyolipokea, yaani kwamba kasoro unayoiona kwa mwenzako lazima iwemo ndani yako pia. Uhusiano hauakisi tabia kwa namna hiyo. Tunachokiona kwa watu tunaoishi nao ni jinsi walivyojizoeza kuishi na tabia zetu. Mtu mwenye hasira za ghafla mara nyingi huzungukwa na watu wapole kupita kiasi, wanaopima kila neno kabla ya kulitamka. Na mtu apendaye kuamua kila kitu hujikuta na watu wasiothubutu kuamua chochote, kisha yeye huyohuyo huwalaumu kwa kumwachia mizigo yote. Kwa hiyo acha kujiuliza kama nawe ni msiri. Jiulize watu wako wamejifunza nini kuhusu yale yanayotokea pale unapopewa habari mbaya.

Ungeniandikia kuhusu mumeo peke yake, ningekujibu kuhusu mumeo peke yake. Lakini umenitajia watu watatu wasiofanana kwa umri wala kwa nafasi zao maishani mwako, ambao sina sababu ya kudhani kuwa walikaa pamoja wakakubaliana kukutenga, na kila mmoja kwa wakati wake akaona ni salama zaidi usijue. Tabia moja inapojirudia kwa watu wa namna hiyo, ni haki kuuliza wanashirikiana nini, na jibu la wazi ni kwamba wote wanakushiriki wewe. Kuuliza hivyo si kukuhukumu, maana huenda rafiki yako alikuwa na sababu zake zisizokuhusu kabisa, kwa kuwa wagonjwa wengine hawapendi kutazamwa wakiwa dhaifu. Hata hivyo, mumeo na binti yako wanaishi nawe kila siku, na hao hawakubahatisha.

Katika barua yako umeandika mambo mawili kama mtu anayepita njia tu, na mimi nimeyaona kuwa ndiyo kiini cha barua yote. Umesema kwamba hukuzungumza na mumeo wiki nzima, kama unavyofanya kila unapokosewa. Na umesema kwamba ukiambiwa jambo hutulii hadi ulifikishe mwisho. Jaribu kuyatazama hayo mawili ukiwa umesimama upande wa mtu anayekuja kwako na habari mbaya. Mtu huyo anajua kwamba mambo yatakwenda kwa njia moja kati ya mbili: ama utanyamaza, na nyumba nzima itaishi ndani ya ukimya huo bila kujua utaisha lini, ama utalishika jambo lake mkononi na kuliendesha wewe, kwa maswali, kwa simu, kwa hatua ambazo yeye hakukuomba. Kwa vyovyote vile, jambo alilokuja nalo likiwa lake litaacha kuwa lake. Sidhani kama unakusudia hivyo. Naamini kwamba unaponyamaza unajizuia usiseme maneno ya kuumiza, na kwamba unapolifuatilia jambo hadi mwisho unaonyesha upendo kwa njia unayoijua vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba nia unaiona wewe peke yako, na wanaokuzunguka wanaona matendo.

Hapa ndipo karibu sisi sote hujikwaa. Mwaka 1977, mwanasaikolojia wa Marekani Lee Ross alieleza mwelekeo ambao watafiti wengi wameuchunguza tangu hapo: tunapoeleza matendo ya watu wengine, huwa tunakimbilia tabia zao na kuipuuza hali waliyokuwa nayo. Tukifika kwetu wenyewe, aghalabu tunaikumbuka hali kwanza. Rudia barua yako uone. Mumeo, binti yako na rafiki yako umewaeleza kwa neno moja, wasiri, neno linalotaja tabia ya kudumu. Ukimya wako wa wiki nzima umeueleza kwa sababu, yaani ulikuwa umekosewa. Sasa wape wao heshima hiyohiyo ya kuwa na sababu. Huenda mume aliyebanwa na kaka yake alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na anwani. Binti aliyefeli mtihani alikuwa na aibu, akahitaji mtu wa kuishika aibu hiyo kabla haijageuzwa kuwa mpango wa masomo ya ziada.

Nataka nikae kidogo kwa binti yako, kwa sababu kwake ndiko kuna jambo la haraka zaidi. Baada ya tukio hili utaingiwa na kishawishi cha kumchunguza, na kila atakapochelewa kujibu utadhani kuna kingine anachokificha. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka huohuo wa 1977, Mark Snyder na wenzake waliwaunganisha kwa simu wanaume na wanawake wasiofahamiana. Kila mwanamume alipewa picha na kuaminishwa kwamba ni ya mwanamke atakayezungumza naye, ilhali haikuwa yake. Wengine walipewa picha ya mwanamke mwenye sura ya kupendeza na wengine ya asiyevutia, na wanawake wenyewe hawakujua kwamba kuna picha. Baadaye watu wengine walisikiliza sauti za wanawake peke yake, nao wakawaona wale waliodhaniwa kuwa warembo kuwa ndio wachangamfu na wenye urafiki zaidi katika mazungumzo hayo. Dhana ya mwanamume ilikuwa imepenya katika namna alivyozungumza, na mwanamke akajibu kulingana na jinsi alivyozungumziwa. Ikiwa dhana ya mgeni inaweza kufanya hivyo katika mazungumzo mafupi ya simu, fikiria nguvu ya dhana ya mama kwa mtoto anayeishi naye. Ukimkabili kama mficha mambo, utauliza kwa sauti ya mpelelezi, naye atajibu kwa uchache wa mshukiwa, kisha uchache huo utauchukua kuwa ushahidi kwamba dhana yako ilikuwa sahihi.

Sasa nisieleweke vibaya, kwa maana usemi huu wa kioo umetumiwa vibaya na watu wengi na unanisikitisha sana. Kuna watu wanaopigwa, wanaotukanwa, wanaoibiwa na wenzao, kisha huambiwa wajitazame wao kwanza, kana kwamba mkono wa mtu mwingine unaendeshwa na tabia ya anayepigwa. Huo ni uonevu juu ya uonevu. Kila mtu hujibu kwa matendo yake mwenyewe, na hilo linamhusu mumeo pia. Fedha mlizoweka pamoja ni zenu wawili, na hata kama alikuwa na hofu kubwa namna gani, alipaswa kukushirikisha kabla hazijatoka. Mficha uchi hazai, na hofu yake si hati ya kumwachilia. Una haki ya kudai kujua deni hilo litalipwa lini na kukubaliana naye kwamba jambo kama hilo halitatokea tena. Ninachokuomba ni kutenganisha mambo mawili ambayo sasa yamechanganyika moyoni mwako: kosa alilolitenda, ambalo ni lake, na ugumu wa kukuambia ukweli, ambao mnauchangia.

Kuna jambo jingine ambalo wewe umeliweka katika orodha ya machungu, nami naliona kwa macho tofauti. Binti yako hakukimbilia kwa mgeni. Alikwenda kwa mdogo wako, mtu uliyemlea kwa mikono yako baada ya kufiwa na mama, kwa hiyo kile alichokwenda kukitafuta kwake, masikio yasiyo na haraka na moyo usiotikisika kwa habari mbaya, kwa sehemu fulani kilitoka kwako. Uliweza kuwa mtu wa namna hiyo kwa mtoto mwingine, na pengine katika miaka ambayo hukuwa na mamlaka yoyote isipokuwa upendo. Usimwonee wivu mdogo wako, wala usimtume akuchunguzie. Muulize siku moja, bila kumtaja binti yako, ni kitu gani ulichokuwa ukimfanyia alipokuwa mdogo kilichomfanya aweze kukuambia mambo. Majibu yake yatakufaa kuliko ushauri wangu.

Kuhusu hatua za kuchukua, nakusihi usiitishe kikao cha familia ukatangaza kwamba umebadilika, kwa sababu matangazo ya namna hiyo huwabebesha wengine kazi ya kukutuliza. Mtafute mumeo siku ambayo hakuna ugomvi, umwambie kwamba suala la fedha mtalizungumza kivyake, kisha umuulize alikuwa anaogopa utafanya nini endapo angekuambia. Akijibu, usijitetee papo hapo, hata kama jibu lake litakuwa na chumvi. Mwambie umemsikia na kwamba utamjibu kesho, na kesho ikifika umjibu kweli. Ukishindwa kujizuia na ukahitaji kunyamaza, mweleze kwamba unanyamaza ili utulie na umtajie muda wa kurudi kwenye mazungumzo, kwa sababu kinachowaumiza watu katika ukimya wa namna hii ni kutojua mwisho wake.

Kwa binti yako, usiulize kwa nini hakukuambia wewe kwanza, wala usirudie habari ya mtihani kana kwamba ndiyo kwanza umeisikia. Mwambie kwa ufupi kwamba unajua, kwamba ulitamani kuwa mtu wa kuambiwa, na kwamba mpango wa nini kifuate utaanzia kwake. Halafu subiri. Mtoto aliyejifunza kunyamaza hawezi kukuletea jambo zito siku ya kwanza. Atakuletea jambo dogo, huenda la kuudhi, labda amepoteza kitu au amegombana na mwenzake, na atakutazama usoni anapolisema. Ukilipokea kwa maswali machache na kumwachia alishughulikie mwenyewe, ataleta la pili. Ukiinuka na kuanza kulipeleka mwisho, huenda usisikie jingine kwa muda mrefu, na hutajua kwamba ulikuwa umejaribiwa.

Rafiki yako nimemwacha nyuma kwa kuwa kwake sioni mengi ya kuchambua. Ametoka hospitalini na wewe bado hujamwona, huku ukihesabu ni nani aliyejua kabla yako. Mtafute wiki hii, umuulize anaendeleaje na kama kuna kitu anachohitaji, na lile swali la kwa nini hukuambiwa uliache hadi atakapoligusa mwenyewe.