Umeshtakiwa kumsumbua mtu kwa simu? Maswali yenu nimeyajibu

Safari hii nimechukua maswali ya simu tu maana yamekuja mengi na yanafanana, mtu kapiga weee, katuma meseji weee, kaitwa kituoni, sasa ana hati ya mashtaka mkononi na bado haamini kwamba ni kweli kashtakiwa kwa ajili ya simu. Nimeyafupisha, na vitu vya kumtambulisha mtu nimevitoa.

Mwanasheria, nimeachana na mchumba wangu, usiku mmoja nikampigia kama mara 40 hivi na hakupokea hata moja. Sijamtukana, sijamtishia. Kosa liko wapi?

Kaka, kosa liko kwenye hiyo 40. Wengi wanadhani mpaka utukane ndo iwe kosa, hapana, sheria za nchi nyingi zinaangalia umerudia mara ngapi na ulikua na nia gani. Ukipiga mara moja kumwambia aje achukue vitu vyake hayo ni mawasiliano, ila ukipiga ya 12 wakati 11 zote hajapokea, hakimu anajiuliza huyu alikua anatafuta nini kama sio kumkosesha mwenzie usingizi. Uingereza wana sheria ya mwaka 1997 ya kuwakinga watu na usumbufu, kule mara 2 tu zinaweza kutosha kukutia hatiani. Marekani nao sheria yao ya shirikisho inamgusa hadi mtu anaefanya simu ya mwenzie iite mfululizo kwa nia ya kumsumbua, yaani kuita tu, ipokelewe isipokelewe, na kifungo kinaweza kufika miaka 2.

Hata kunyamaza hakuokoi mtu. Kuna kesi inajulikana sana huko Uingereza, jamaa anaitwa Ireland alikua anawapigia wanawake 3 mara kwa mara alafu haongei kitu, mara nyingine wanasikia anahema tu. Wale wanawake wakaumia kisaikolojia, kuumia kwa kuthibitishwa na daktari sio kuudhika tu, na mwaka huohuo wa 1997 majaji wa ngazi ya juu kabisa wakasema ndio, simu ya kimya inaweza kuwa shambulio. Kifungo chake kilikua miaka 3.

Sasa sikutishi, yako ni usiku mmoja na machungu ya kuachwa tunayajua, hiyo wakili wako ataijenga, kwamba ni tukio moja la mtu aliyechanganyikiwa na baada ya hapo hukurudia. Hukurudia, si ndio? Maana kama asubuhi yake uliendelea, hiyo hoja imekufa. Ila usisimame pale mbele ukaanza na "sijamtukana mheshimiwa", haikubebi.

Je naweza kumpigia nimwombe msamaha ili afute kesi?

USIPIGE. Hili limeulizwa na watu 5 kwa maneno tofauti na jibu ni lilelile. Umeshtakiwa kwa kumpigia mtu asiyetaka kupigiwa alafu dawa unayoiona ni kumpigia tena? Mara nyingi masharti ya dhamana yanakukataza kabisa kuwasiliana na mlalamikaji, ukikiuka unarudi mahabusu hata kama kosa lenyewe lilikua dogo, na hapo meseji yako ya "naomba nisamehe mpenzi" inakua ushahidi mpya wenye tarehe na saa. Usimtume dada yako, usimtume mchungaji wala shehe, usiweke hata status ya kumlenga, watu wanajua kusoma.

Alafu elewa kitu kimoja, kesi ya jinai ikishafunguliwa sio ya kwake tena, ni ya serikali. Yeye anaweza kusema nimesamehe, na hilo lina uzito wake, lakini anaeamua kuiondoa ni upande wa mashtaka na mahakama. Kama kweli unataka suluhu, wakili wako aongee na waendesha mashtaka, njia hiyo ipo na ni halali.

Na akikupigia yeye? Usipokee. Andika saa na tarehe mpe wakili.

Laini ni ya jina langu ila siku hiyo simu alikua nayo ndugu yangu. Nitafungwa kwa kosa la mwingine?

Usajili unaonyesha laini ni ya nani, hauonyeshi nani alikua ameishika simu. Upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha pasipo kuacha shaka kwamba ni wewe uliyepiga, wewe huna jukumu la kuthibitisha kwamba sio wewe. Lakini usikae kimya ukingoja muujiza. Kampuni ya simu inakua na kumbukumbu, namba ipi imepiga ipi, saa ngapi, imechukua muda gani na mnara gani uliishika hiyo simu. Kama mnara uko upande mmoja wa mji na wewe ulikua kazini upande wa pili na umesaini kuingia, hapo una kitu cha kusema. Pia namba inaweza kughushiwa, ikaonekana yako kwenye kioo cha mtu wakati haikutoka kwako, na kumbukumbu hizohizo zinaweza kusaidia kuonyesha.

Kuhusu kumtaja ndugu yako, hilo ongea na wakili faragha kabla hujafungua mdomo kwingine kokote.

(Na kwa wale mlioniuliza kuhusu kuficha namba: inafichika kwa unaempigia, kwa kampuni ya simu inaonekana kama kawaida.)

Nimeshafuta meseji zote. Niko salama?

Yeye hajazifuta. Na kufuta baada ya kujua unachunguzwa kunaweza kukuletea kosa lingine la kuharibu ushahidi, kwahiyo wacha hapohapo, usiflashi simu, usiiuze.

Mimi namdai hela zangu. Kudai haki yangu nako ni usumbufu?

Kudai sio kosa, namna ya kudai ndo inaweza kuwa. Meseji moja yenye kiasi na tarehe, sawa. Kumpigia usiku wa manane kila siku, kumpigia bosi wake, mama yake na kila namba uliyoikuta, hapo umetoka kwenye deni umeingia kwenye jinai, na mdaiwa wako atafurahi sana maana sasa mshtakiwa ni wewe. Barua ya madai alafu kesi ya madai, inachosha lakini haikupeleki rumande.

Nimechoka, nikiri tu siku ya kwanza yaishe?

Kukiri mapema kunaweza kupunguza adhabu, ni kweli, ila kunaacha hatia kwenye jina lako na uchovu sio sababu. Kwanza soma umeshtakiwa kwa kifungu gani. Kenya mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, ikasema maneno yake ni mapana mno mtu hawezi kujua kosa ni lipi, sasa fikiria waliokua wameshakiri kabla. Ila wasishangilie sana, 2018 ikaja sheria ya makosa ya mtandao na adhabu yake ya usumbufu ikawekwa hadi miaka 10.

Mahakamani niende na simu au niiache?

Nenda nayo kama wakili kakwambia inahitajika, ila izime kabisa, sio vibration. Kesi ya simu alafu simu yako iite mbele ya hakimu, hapo mimi sina hoja ya kukupa.